Bangili Nyekundu

Kila mwanamke aliyetimiza miaka sitini huvishwa bangili inayopima mifupa. Ikiwaka nyekundu, haruhusiwi tena kuinama wala kubeba kinachozidi kikombe cha chai. Akikaidi, gari la wauguzi huja kumchukua, na wachache hurudi.

Ya Bi Mwanakombo iliwaka wiki ambayo bintiye, Sauda, alijifungua.

Mtaani kwao mtoto mchanga huogeshwa na bibi, juu ya miguu iliyonyooshwa. Sauda akawaita bibi wa jirani. Wakaja, wote na bangili nyekundu, wakamwombea mtoto dua bila kumgusa.

"Basi kaa mbele yangu," Bi Mwanakombo akasema. "Nitazame mikono."

Wakakaa sakafuni wakielekeana, beseni kando. Mtoto alikuwa miguuni mwa Sauda. Bi Mwanakombo akakanda hewa, mgongo kisha mabega, na Sauda akafuatisha mpaka mtoto akanyamaza.

"Inatosha, mama. Amelala."

Bi Mwanakombo hakumsikia. Alikuwa akimkausha mjukuu wake. Akainama taratibu kumnusa utosi, juu ya miguu yake isiyo na mtoto.

Bangili ikalia. Nje, gari likasimama.