Eneo Namba Saba

Siku ya kwanza waliambiwa waujenge mji upya kabla ya saa nane mchana, kwa sababu saa nane ukumbi ulikuwa na wageni wengine.

Walikuwa vijana kumi na tisa. Wengi walifuata chai na feni, wala hawakuficha. Bango la mlangoni liliandikwa "Warsha ya Mji wa Kesho", na mmoja wao, waliyemwita Kinyozi, alilisoma kwa sauti ya mtu anayesoma tangazo la msiba. Wenzake wakacheka kidogo.

Rula alikaa karibu na dirisha. Jina hilo alilipata chuoni, alikosomea kuchora ramani za majengo kwa mwaka mmoja na nusu, mpaka baba yake, fundi mwashi, alipoanguka kutoka ghorofa ya pili ya nyumba ya watu, akafa. Sasa ulikuwa mwaka wa tatu yuko nyumbani, akimsaidia mama yake kupiga pasi nguo za watu. Barua za kuomba kazi alishaacha kuandika. Aliyemuuliza habari za kesho alijibiwa kwamba kesho ni Jumatano.

Mwezeshaji, kijana mpole mwenye miwani, aligawa karatasi kubwa alizopewa na ofisi ya mipango miji. Kila karatasi ilikuwa na vitu viwili tu: mstari wa buluu uliopinda, yaani mto, na mstari mweusi ulionyooka, yaani reli. Katikati palikuwa peupe. Pembeni, juu ya kipimo cha ramani, pameandikwa "Eneo Namba Saba". Chochote mnachokiota, alisema, kiwekeni hapo.

"Kaskazini ni wapi?" Rula akauliza.

"Mawazo hayana kaskazini, dada yangu."

Kinyozi alitaka kujua eneo lenyewe liko upande gani. Mwezeshaji akakiri kwamba hata yeye hakuambiwa. Mto wao ulijipinda mara nyingi, na reli iliufuata mto huo mji mzima, kwa hiyo pangeweza kuwa popote. Wakakubaliana kwamba lazima ni huko nje ya mji, kwenye vichaka. Wapi tena pangekuwa patupu hivyo?

Rula akapima kwa mazoea tu, akasema hapo zingeenea nyumba mia tatu. Mwezeshaji akatabasamu, akamwomba asahau nyumba. Kila mtu huanzia kwenye nyumba, alisema, ndiyo maana miji haibadiliki.

Kinyozi alichora stendi kubwa ya mabasi ya kwenda mbali, akaweka kalamu chini. Alipoulizwa ni nani atakayebaki mjini, alisema hilo si swali lake.

Saa nane ilifika mji haujaisha, wakawa wanarudi kila siku. Siku mbili Rula hakuchora kitu. Siku ya tatu, bila sababu aliyoweza kuieleza, mkono ukaanza kwenda wenyewe. Akaweka maktaba yenye meza ndefu. Akaweka zahanati. Akaweka mifereji mipana, maana aliyewahi kuamka na kukuta viatu vyake vinaelea hasahau mfereji. Karibu na mto akaweka jengo la dobi, lenye maji ya bomba na pasi za umeme.

Kazi ile alirudi nayo nyumbani, akaitandaza kwenye meza ya kupigia pasi. Mama yake aliitazama kwa jicho la pembeni.

"Mji wa karatasi hauvuji," alisema, akainua macho kwenye bati lao.

Lakini wiki ya pili ni yeye aliyekuwa akisogeza nguo ili meza ipate nafasi. Akauliza hilo jengo la dobi lina bomba ngapi. Akauliza kama kutakuwa na zamu au anayewahi ndiye anayepata. Kisha akaiacha pasi ipoe mkononi.

"Weka na mabenchi, mwanangu. Tunasimama mno."

Rula akaweka mabenchi.

Mwezi mmoja baadaye barua ikaja. Katika warsha zote za mji, mchoro uliochaguliwa ulikuwa wa Rula, na huo ndio utakaojengwa. Mama alisomewa barua hiyo mara tatu, kisha akatoka nayo, na kufikia jioni hapakuwa na mlango mtaani usioisikia. Rula alijikaza asifurahi, akashindwa. Kwa mara ya kwanza tangu msiba akasema huenda angerudi chuoni.

Siku ya hafla mama alilipiga pasi gauni la binti yake mara mbili. Waliketi mstari wa mbele. Mchoro ukatokea ukutani, umetiwa rangi, miti ya kijani, maji yanang'aa, na watu wadogowadogo wamekaa kwenye mabenchi. Ukumbi mzima ukapiga makofi. Mama alipiga kuliko wote.

Afisa mipango akasema sasa angewaonyesha mahali penyewe. Akabonyeza kitufe. Mchoro ukageuzwa polepole, juu kukawa chini, ukasimama, na chini yake ikajitokeza picha iliyopigwa kutoka angani. Mstari wa buluu ukakaa juu ya mto. Mstari mweusi ukakaa juu ya reli. Katikati palikuwa na mabati, mabati yaliyobanana mpaka yakakosa nafasi ya kupumua. Rula akaiona shule aliyosoma. Akauona uchochoro wa kwa Kinyozi. Kidole chake kikajinyanyua chenyewe, kikahesabu mapaa kuanzia kwenye kona, la kwanza, la pili, la tatu, la nne, kikasimama kwao.

"Wakazi watapewa siku tisini za kuhama," afisa alikuwa akisema. "Na kwa kuwa mpango huu umechorwa na mtoto wa mtaa huohuo, hatutarajii pingamizi."

Mama, aliyekuwa bado anapiga makofi, alichosikia vizuri ni "mtoto wa mtaa huohuo". Akasimama, akaugeukia ukumbi, ili watu wamwone aliyemzaa.