Kufuli la Nyumba ya Mwanakombo

Sheria ya kuwalinda watoto mtandaoni haikuwa na maneno mengi: kila nyumba na kufuli lake la mtandao, na anayelitengeneza ndiye mtu mzima wa nyumba. Wengine wote ni watoto, wamwombe ruhusa.

Asubuhi hiyo kufuli la Mwanakombo liligoma. Akaandika amri ya kulitengeneza kwenye skrini nyeusi, ikakataliwa. Akarudia, ikakataliwa. Zaituni, bintiye wa miaka kumi, akachungulia, akaangua kicheko.

"Mama! Umeandika bismillahi tena! Hiyo husemwa tu. Kompyuta inadhani ni amri."

"Kazi gani isiyoanza na bismillahi?"

Zaituni akaitamka kwa sauti, akalifuta lile neno, akabonyeza. Taa ikawaka kijani! Mwanakombo akapiga vigelegele, akamnyanyua mwanawe, wakacheza mpaka leso ikamdondoka.

"Ngoja nimpigie mamako mdogo kwa video nimsimulie!"

Skrini ikaandika: *Mtoto Mwanakombo, omba ruhusa kwa Zaituni.*

Wakacheka mpaka machozi. Kisha Zaituni akashika kiuno, akauliza lile swali ambalo mama yake humuuliza kila jioni.

"Unataka kuongea na nani, na kuhusu nini?"