Mteja wa Ukurasa wa Kwanza

Mama Makali hakuwa na meno mawili ya mbele. Hakuishi na mume, hakuwa na mtoto, na katika miaka yote ya ndoa yake hakuwahi kushika ufunguo wa nyumba aliyolala. Lakini kilichompeleka kwa Waya, fundi wa mitandao, kilikuwa upungufu mwingine: tovuti ya duka lake la kunoa visu haikuwa na wageni.

"Ni kama taa niliyoiwasha nikaifunika debe," alisema. "Nataka mtu akitafuta, anione mimi kwanza. Zamani tuliambiwa kizuri chajiuza."

"Hiyo ilikuwa zamani, mama. Siku hizi kizuri nacho hutembezwa." Waya aliifungua tovuti, akakuna kipara chake. "Hapa hata mbwa wa polisi hakupati! Hakuna picha, hakuna ramani, na maneno yenyewe ya kuokoteza. Niambie, mteja wako akikutafuta ataandika nini? Hayo ndiyo tutakayoweka."

Mama Makali alifikiri. Kisha akayatoa maneno taratibu, kama mtu anayejing'oa mwiba. "Mwanamke. Kovu shavu la kushoto. Ananoa visu."

"Ah, mama! Mwenye kisu butu ataandika 'kunoa visu karibu nami'. Nani atatafuta kovu?"

"Weka yote mawili, fundi. Si wewe uliyeniuliza?"

Akaweka. Alipompiga picha alitaka kulifuta lile kovu kwa kompyuta, akadakwa mkono kwa vidole vigumu kama koleo.

"Liache. Ni langu."

Waya aliijua kazi yake. Aliandika makala fupi za kuwasaidia wapishi, akawahimiza wateja waache sifa zao, akaongeza ramani na saa za kufungua, hayo mawili kwa akili yake mwenyewe. Duka likapanda hadi ukurasa wa kwanza. Wakaja wapishi, washonaji na wachinjaji, visu na mikasi vimefungwa kwa magazeti. Jiwe la kunolea likazunguka kutwa, cheche zikiruka.

Ukutani, juu ya jiwe, kulining'inia kisu kimoja kipana cha buchani ambacho hakichukuliwi. Kila asubuhi Mama Makali alikinoa upya, akakijaribu kwenye vinyweleo vya mkono wake.

"Hicho nacho, mwenyewe amekufa?" Waya alimtania.

"Bado. Atakuja."

Siku moja Waya, akipitia takwimu za wageni wa tovuti, alikuta jambo la ajabu. "Kuna mtu huko mji wa machimbo anafungua ukurasa wako asubuhi, mchana na jioni. Anatazama picha, kisha ramani. Visu gani hivyo vya kusafirishwa mbali namna ile?"

"Mji wa machimbo," Mama Makali alirudia. Akalimwagia jiwe maji, akaendelea kunoa.

Aliyekuja hakubeba kisu. Ilikuwa mchana kweupe, Waya yupo nyuma ya kaunta akibadilisha picha. Kwanza alisikia kishada cha funguo kikilia kiunoni mwa mtu, kisha akamwona jamaa wa miraba minne akikomea mlango kwa ndani.

"Kumbe mtandao hausemi uongo," alisema yule mtu. "Mke wangu, hunisalimu?"

Ngumi ilifika kabla ya jibu. Mama Makali aliangukia meza, visu vikamwagika sakafuni. Waya aliruka kumsaidia. Alirushwa ukutani na mkono wake ukalia kama ukuni mkavu. Akiwa pale chini alimwona yule mtu akimkamata mwanamke nywele na kumgongesha uso kwenye ukingo wa meza, mara ya kwanza, mara ya pili, huku akizungumza kwa utulivu kama anayemfundisha mtoto kusoma.

"Mke mwenzako haulizii ufunguo. Wewe ndiye mjuaji. Wewe ndiye wa kutoroka."

Damu ilitiririka mezani. Mkono wa Mama Makali ukapanda ukutani, ukipapasa kama wa mtu anayetafuta swichi gizani. Ukakikuta kisu. Kiliingia chini ya mbavu bila sauti. Yule mtu alitazama chini kwa mshangao, kama aliyedondosha kitu. Akapiga magoti. Kikaingia tena, shingoni.

Ikabaki sauti ya jiwe likizunguka. Mama Makali aliinama, akapapasa kiunoni mwa maiti kwa mikono yote miwili. Waya alidhani anatazama kama bado inapumua.

Majirani walivunja mlango. Polisi waliandika walichokiona: komeo la ndani, uso uliopasuka, mkono uliovunjika, shahidi mmoja. Mwanamke alijitetea. Hakuna aliyebisha, na jioni ile ile akaruhusiwa kurudi dukani.

Asubuhi Waya alimfuata, mkono kwenye plasta, macho mekundu. Alimkuta anaandika, jicho moja limefumba kwa uvimbe.

"Nisamehe, mama. Ramani niliiweka mimi. Mimi ndiye niliyemleta."

"Fundi, sijapata kuona kazi nzuri kama yako. Sasa ifute tovuti yote."

"Yote? Na wateja?"

Mama Makali aliweka kalamu chini. Alikuwa ameandika mistari miwili tu, na Waya aliisoma kabla haijakunjwa: *Mdogo wangu, hatarudi. Toka mchana, kwa mlango wa mbele.*

Mama Makali alichomoa kifuani ufunguo mmoja, akaupangusa damu kwa kanga yake, akautia ndani ya bahasha. Aliilamba, ulimi ukichungulia kwenye pengo la meno mawili, akaibana kwa kiganja. Kisha akaandika juu yake ni nyumba gani, akavuka barabara na kumkabidhi kondakta wa basi la mji wa machimbo.

"Ipenyeze chini ya mlango," alimwambia. "Usibishe hodi. Aliyemo hawezi kukufungulia."