Sentensi Mbili za Mwalimu Fikru

Mwalimu Fikru aliandika ubaoni sentensi mbili fupi za Kiingereza: mama anaomba sadaka mlangoni pa kanisa la Mariam, binti yake humpita kama hamjui.

"Haya, ziunganisheni."

Darasa letu zima, pale mjini Gondar, likaangua kicheko. "Binti gani huyo! Hana haya!"

Siri ile yangu nilimwambia Mwalimu peke yake, juzi, nikilia, akanipa leso yake. Nilikuwa nayo mfukoni, nimeifua na kuipiga pasi nimrudishie.

Nikaenda ubaoni, nikazifuta sentensi zake kwa leso hiyohiyo, nikaandika moja ndefu: "Ingawa aliniapia kwa Mariam kwamba atanyamaza, mwalimu wetu amemwanika mama yangu"

Kicheko kikakatika.

"Rudi ukakae," akanong'ona.

"Subiri, Mwalimu. Sijaweka nukta."