Ngoma Kabla ya Arobaini

Ngoma ivumayo sana haikawii kuponya. Ndivyo alivyoamini Mwalimu Shemsa alipompa Kibibi ngoma. Mtoto huyo wa miaka minne alikuwa hajatamka neno tangu mama yake afie motoni, wiki mbili nyuma.

Bibi yake aliingia darasani akihema. "We Shemsa, huna haya! Arobaini ya mwanangu bado, nawe unamchezesha mjukuu wangu ngoma? Niombe radhi!"

Kibibi hakuacha. Alipiga taratibu, kwa kiganja. "Mama hunipigapiga mgongoni hivi," akasema, "nilale."

Bibi akaketi sakafuni, mkono wake ukisitasita juu ya ile ngozi.

"Radhi siombi, bibi," alisema Shemsa. "Na kesho ataipiga tena."