Mgongo Mbele ya Bodi

"Guna tena," mama alinong'ona. "Hiyo ni ya mtu aliyeshiba."

Jamaa akashika kiuno, akaguna upya. Mama akatikisa kichwa. Mwanawe huyu hajawahi kuugua hata mafua ya maana, angejulia wapi kuguna?

"Asigune kabisa," alisema mke wa baharia, naye kwa sauti ya chini, jicho kwenye mlango wa chumbani. "Mwenye mgongo mbovu hapigi kelele. Anauma mto, jasho linamtoka. Na usijitupe kitini, shika meza kwanza. Jamani, usituangushe! Bila hiyo fidia tumekwisha, humu ndani hakuna tena cha kuuza."

"Tulieni. Kujipinda kidogo tu ndiko kutanishinda?"

Njiani alisaidia kusukuma gari lililozimika, akaruka mtaro, akafika kwenye jengo la bodi ya fidia za mabaharia akipiga mluzi. Ungemwona, ungeita polisi.

Bodi ilikuwa na sharti moja lisilo na mchezo: mwombaji afike mwenyewe, asiyefika dai lake linafutwa. Ilikaa ghorofa ya nne, na lifti ilikuwa imekufa. Jamaa akapanda ngazi mbilimbili. Zilipobaki chache akapinda mgongo, akaanza kuburuta mguu.

Karani wa mlangoni alitazama picha kwenye kitambulisho cha ubaharia, akamtazama yeye, akarudi kwenye picha.

"Umenenepa."

"Kukaa nyumbani, dada yangu."

Ndani kulikuwa na mwenyekiti, wakili wa kampuni ya meli, na daktari aliyelipwa na kampuni hiyohiyo ili asimpendelee mtu. Daktari aliinua picha za eksirei kuelekea dirishani, akaguna yeye.

"Pingili mbili zimesagika."

Jamaa naye alinyoosha shingo kuziangalia, kwa hamu kubwa.

"Mheshimiwa mwenyekiti," wakili akasimama, "mgongo huu umeharibikia usingizini. Kitanda cha melini ni chetu, hatukatai. Lakini usingizi ni wake!"

Mwenyekiti akamgeukia jamaa. "Ulikuwa unafanya nini ulipoumia?"

"Nafunga meli gatini. Kamba ikakaza ghafla, ikanitupa kwenye chuma."

"Kamba ya nani?"

"Ya kampuni."

"Na mgongo?"

"Wangu."

Wakili aliandika jibu hilo haraka haraka, uso umemchangamka.

Wakubwa wakanong'onezana. Jamaa alikuwa ameishika meza kwa mikono miwili. Hatimaye mwenyekiti akakohoa.

"Bodi imeridhika kwamba uliumia kazini."

Nusura jamaa aruke. Alijizuia, macho yakamjaa machozi, na hayo hakuna aliyemfundisha.

"Ila nikuulize," mwenyekiti akaendelea kwa upole. "Huku juu umefikaje?"

"Kwa ngazi, mheshimiwa."

"Zote?"

"Zote."

"Bila kubebwa?"

"Mwenyewe, mheshimiwa. Si ndivyo mlivyotaka?"

Mwenyekiti akamtazama daktari, ambaye tangu asubuhi alikuwa bado hajamaliza kuhema.

"Mgongo wa kwenye picha hizi haupandi ngazi," daktari akasema. "Hauendi hata chooni bila kushikwa."

"Basi hongera!" Mwenyekiti alisimama kumpa mkono. "Bodi imeridhika vilevile kwamba ulemavu umekwisha. Hakuna cha kufidia. Anayefuata!"

Hakukuwa na anayefuata. Wengine wote walikuwa wamefutwa kwa kutofika.

Nyumbani mama na mke wa baharia walimrukia kwa maswali. Aliwapita, akasukuma mlango wa chumbani, akapiga magoti kando ya godoro ambalo pacha wake hajaliacha tangu meli ilipomrudisha kwa machela.

"Kaka," akasema, "wamesema umepona."