Mashine ya Nasra

Sheria ilisema mashine ikimvunja mtu mkono, mwenye mashine naye avunjwe, na mashine hiyohiyo. Ya Mwanaidi, roboti ya kumtekea maji na kumnawisha mtoto, ilikuwa imemvunja jirani mkono kwenye foleni ya maji, na asubuhi askari wakafika.

Mwanaidi akauweka mkono wake mezani. "Vunjeni, yaishe."

"Mama, wewe siye mwenye mashine," askari alisema. "Imeandikishwa kwa jina la Nasra."

Mwanaidi aliiandikisha kwa jina la mwanawe kwa mapenzi tu, kama watu wanavyowaandikia watoto viwanja. Akapiga ukunga, akawarukia. Wakambwaga sakafuni na kumkalia mgongoni, damu ikimchuruzika puani.

Mashine ikamwendea Nasra, ambaye alikuwa hajatimiza hata miaka minne. Mtoto akaichekea, akainyooshea mkono, akidhani ananawishwa anywe chai.